Swali na Jibu: Maji Yaliyotumika na Bustani ya Roshani

SWALI: Nakaa ghorofani, juu ya duka la leso, Biashara Street, Mombasa. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na kisima cha jirani ni cha chumvi. Je, yafaa kunyweshea mchicha na mirehani maji yaliyokwisha kutumika nyumbani?

JIBU: Yafaa, bali kwa kuyabagua. Kisiwa chetu hupokea sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, kwa bomba la masafa ya zaidi ya kilomita 200, na neema itokayo mbali hivyo haistahiki kumwagwa ikisha kutumika mara moja.

Anza na maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya udhu yaliyokingwa katika beseni safi, kwani hayana sabuni wala mafuta. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yatie chini ya asumini, wala usiyarashie mboga, kwa sababu magadi ya sabuni yakizidi huugandamiza udongo na kuidhuru mizizi. Ama maji ya nepi, ya vyombo vya mafuta na ya leso mpya zichujukazo rangi, hayo yamwage.

Usiyalaze maji yaliyotumika zaidi ya siku moja, maana huvunda. Toboa vyungu chini, tandaza makumbi juu ya udongo, nyweshea jua likisha kupoa. Na masika yakiwadia, viache vyungu mvuani ili chumvi iliyokusanyika ishuke. Nakusihi uwafunze na watoto wako desturi hii, kwani maji ni amana.