Ukishapakua, Kisha Nini?

Somo: Lk 2:16-19



Kijana wa Karatu unayefanya kazi ya utalii, hili unalijua. Dominika wenzako wako kwenye kikao cha VIWAWA, wewe uko na wageni, gari linapandisha kuelekea geti la Lodoare. Na wewe wa Endulen, kufika mjini ni safari. Kongamano la vijana likija tunasema, "Basi, tumeshapitwa."

Kwa kweli siku hizi mlango uko wazi. Makongamano mengi yana programu yake ya simu: unaifungua, unaona ratiba, mada na wasemaji, na baadaye unakuta mafundisho yaliyorekodiwa. Wengine huweka hata vikao vya maandalizi.

Lakini nakiri mbele yenu: simu yangu ina mafundisho tisa niliyopakua. Nimemaliza mawili tu. Mengine yamekaa kama mbegu kwenye debe, na mvua imeshanyesha.

Tumwangalie Mama Maria. Wachungaji walipoeleza waliyoambiwa juu ya Mtoto, watu walishangaa. Yeye aliyaweka moyoni na kuyatafakari. Sisi tunaweka kwenye simu, tunaishia hapo.

Katika Siku ya Vijana Duniani, Lisbon, Agosti 2023, katekesi ziliitwa Rise Up. Hazikuwa hotuba tu. Vijana walishirikishana kwanza, wakazungumza na maaskofu. Kwa hiyo hata rekodi inataka majibu yako.

Tufanyeje?

1. Pakua mapema. Chukua sauti badala ya video, bando litadumu. Fanya hivyo ukiwa mjini kabla ya kupanda hifadhini, maana huko mtandao unakatakata.

2. Sikiliza fundisho moja kwa wiki. Mwombe kwanza Roho Mtakatifu. Penye kukugusa, simamisha, andika sentensi moja.

3. Msisikilize kila mtu kivyake. Wawili watatu mnatosha, simu moja katikati. Kisha kila mmoja aseme alichosikia.

4. Kikao cha maandalizi kisikilize mpaka mwisho, halafu mpigie katibu: "Dada, nimesikiliza. Kazi iliyobaki nipe na mimi." Umekosa kikao, hujakosa utume.

5. Tendeni jambo moja. Kama mada ilikuwa utunzaji wa mazingira, pandeni miti pembeni ya korongo linalokula shamba la bibi jirani.

Angalizo: rekodi haichukui nafasi ya Misa. Kama kazi inakubana kila Dominika, ongea na paroko wako, ulizia Misa ya Jumamosi jioni. Usinyamaze mpaka uzoee kukosa.

Siku ya Vijana Duniani ijayo ni Seoul, Korea Kusini, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Kaulimbiu yake inatoka Yn 16:33, Yesu anapowatia moyo wanafunzi wake kwa kuwa ameushinda ulimwengu. Wengi wetu hatutapanda ndege. Ujumbe utatufikia hata Rhotia, hata Oldeani. Je, utamkuta nani anayesikiliza?

Jiulize: Ni fundisho gani nililolipakua na sijalisikiliza? Nitamwita nani tulisikilize wiki hii?

Tusali: Ee Bwana, tunasikia mengi na kushika machache. Tupe moyo wa Mama Maria, tutafakari neno lako na kulitenda. Amina.