Utengenezaji wa Ngozi kwa Magome ya Miti



Katika kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma ya kuwa Petro alipokuwa Yafa alikaa kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Tangu zamani kazi hiyo yahitaji maji mengi. Basi swali la somo letu ni hili: maji hayo yakiisha kutumika, huenda wapi? Nasi wa Songea imetupasa kuuliza, maana mji wetu hunywa maji ya bonde la Ruhila, na mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, iliyo karibu nasi. Tutiacho mtoni huku juu humfikia jirani aliye chini.

1. Njia mbili

Ngozi mbichi ikikaushwa tu, kama ile ya ngoma, huwa ngumu, na ikilowa huoza. Ili idumu, hapana budi dawa iingie hata ndani. Viwanda vingi duniani hutumia chumvi za kromiamu, kwa kuwa hufanya kwa siku moja au mbili kazi ambayo magome huifanya kwa majuma au miezi. Lakini dawa isiyonaswa na ngozi hutoka pamoja na maji machafu. Tena vipande vya ngozi hiyo vikichomwa, kromiamu yake yaweza kugeuka kuwa aina iletayo kansa. Kwa hiyo mafundi viatu wasiviwashie jiko, wala majivu yake yasitiwe bustanini.

Njia ya pili ni tanini, kitu kile kile kikazacho ulimi mtu alapo ndizi mbichi. Zamani magome ya mikoko yalisafirishwa toka pwani yetu hata Ulaya kwa kazi hii. Na huko Njombe, kaskazini kwetu, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 ilipanda mashamba makubwa ya miwati, mti uliotoka Australia, ambao magome yake yana tanini nyingi sana.

2. Mpango wa kazi

Ngozi ianzwe ingali mbichi, ili isihitaji chumvi ya kuihifadhi, maana chumvi hiyo ikimwagwa huharibu udongo. Ioshwe, kisha ilowekwe katika maji ya chokaa au majivu hata manyoya yalegee. Fundi ajihadhari, kwani maji hayo huunguza mikono na macho. Ikwanguliwe pande zote mbili, ioshwe tena, na kulowekwa katika maji ya pumba yaliyochacha, ili ukali wa chokaa utoke.

Magome yapondwe na kulowekwa. Ngozi itiwe kwanza katika maji mepesi, kisha yaongezwe ukali kidogo kidogo. Ukianza na maji makali, uso wa ngozi hujifunga, na ndani hubaki mbichi. Yapendeza machoni, lakini itaoza. Ili kujua kama imeiva, kata ukingo wake: rangi yapasa kuwa moja toka uso hata uso. Mwisho ipakwe mafuta na kukaushwa kivulini.

3. Maonyo

Tusidhani kwamba kitokacho mtini hakina madhara. Maji ya magome yakimwagwa mtoni hupunguza hewa iliyomo majini, na samaki hufa. Yatumiwe tena kwa ngozi nyingine, na yakiisha nguvu yamwagwe shimoni, mbali na kisima na mto. Manyoya na mabaki ya nyama yafukiwe pamoja na mboji. Wala mti uliosimama usichunwe magome kuuzunguka, maana utakufa. Yachukuliwe katika mti uliokatwa kwa ajili ya kuni au mbao.

Atakaye kujifunza zaidi, huko Mwanza iko kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ifundishayo kazi ya ngozi.

Kazi hii ni ya subira, na faida yake huchelewa. Hata hivyo twaona ni afadhali fundi angoje miezi kuliko jirani yake anywe maji mabaya.

Maswali

1. Kwa nini ngozi haitiwi kwanza katika maji makali?
2. Maji ya magome yaliyokwisha nguvu yamwagwe wapi?
3. Katika kijiji chako, ngozi za wanyama wachinjwao hufanywa nini?