Siku ya Kwanza Renji: Namna ya Kumfundisha Mgeni Kulenga Shabaha

Mimi siku yangu ya kwanza iliharibiwa. Rafiki aliyenipeleka alinikabidhi shotigani ya geji 12, akarudi nyuma hatua mbili, akatoa simu anirekodi. Nilipofyatua, kitako kilinipiga bega nikapepesuka, wenzangu wakacheka hadi kushika mbavu. Video ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima. Sikukanyaga tena renji kwa miaka 3.

Kwa hiyo shemeji yangu alipohamia kwetu hapa Ohio na kuniomba nimpeleke, niliweka nadhiri: siku hiyo ni yake. Bunduki itakuwa ndogo, simu itakaa mfukoni, na mimi mwalimu sitapiga hata risasi moja. Tangu hapo nimewapeleka wengine wanne kwa utaratibu huohuo, na wote walirudi kwa hiari yao.

Hatua ya 1: Maswali mawili kabla ya kuwasha gari

La kwanza ni la sheria, na wengi wetu huku hawalijui. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya kutembea, ya masomo au ya kazi, kushika bunduki au risasi. Haijalishi kama ni ya kukodi, haijalishi kama ni kwa dakika tano tu. Ipo misamaha michache, na unaotumika zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na karatasi kabisa amekatazwa vilevile. Mwenye kadi ya kijani hana tatizo. Basi mjomba aliyekuja kuwasalimia kwa miezi miwili mpeni soda akae nyuma ya kioo atazame. Hali ya mtu ikiwa na utata, aulizwe kwanza mwanasheria wa uhamiaji, maana kosa hili linaweza kumfunga mtu na kumrudisha kwao. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam mambo yake ni mengine: Kenya safari inaanzia kwa Bodi ya Leseni za Silaha, Tanzania inaanzia Polisi, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Swali la pili ni zito zaidi. Muulize, kwa upole na mkiwa wawili tu: mlio wa bunduki ukiusikia unakumbuka nini? Kati yetu Waswahili wa huku wapo waliotoka Kivu na Burundi, waliolala porini usiku kwa sababu ya mlio huohuo. Shemeji yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Bwana shemeji, nataka niishike mimi mara moja, nione." Hilo ni jibu la mtu aliye tayari. Akisitasita, mwache, mwende mkavue samaki. Na aliye katika msiba, au aliyeachwa juzi, hata akikubali asubiri. Renji nyingi hazimkodishi bunduki mtu aliyekuja peke yake hana ya kwake, na sababu yake ni kwamba wamewahi kuona watu wakija kujiua.

Hatua ya 2: Mavazi, macho na masikio

Viatu vya kufunika, shati lenye shingo ndefu, kofia yenye ukingo mbele. Ganda la risasi likiruka hutoka na moto, na likidondokea ndani ya kola mtu hurukaruka, akasahau kabisa kwamba mkononi ana bunduki. Dada zetu wavaao hijabu wamepona hapo, shingo imefunikwa. Tatizo lao ni masikio: vifuniko vya kichwani vikikaa juu ya mikunjo ya kitambaa huacha upenyo. Waweke kwanza vizibo vya masikioni chini ya hijabu, ndipo vifuniko vije juu.

Kwa kweli mgeni yeyote mvalishe vyote viwili, vizibo na vifuniko, hasa renji ya ndani ambako mlio hugonga ukuta na kurudi. Sauti ya ghafla ikifika desibeli 140 inaweza kuharibu usikivu papo hapo, na bunduki nyingi huvuka hapo. Isitoshe, kinachomshtua mwanafunzi mara nyingi ni mlio kuliko msukumo. Ukiziba masikio vizuri, nusu ya woga umeiondoa. Miwani ya kinga ni lazima, hata kwa asiyepiga.

Hatua ya 3: Chagua bunduki ndogo

Risasi ya .22 Long Rifle. Ipo tangu mwaka 1887, ina kipenyo cha milimita 5.6, bei yake ni nafuu, na begani huisikii zaidi ya mtu kukugusa kwa kidole. Tafuta bunduki ya kukoki kwa mkono kila risasi, ili baada ya kila mlio silaha iwe haina kitu hadi mwenyewe aamue tena.

Bastola ingoje. Vijana wengi walimwona Mturuki Yusuf Dikeç kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, akitwaa medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan, nao wanataka kusimama vile. Yule ni mtu wa miaka mingi ya mazoezi, na iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa bastola ya upepo. Bastola ni fupi: mgeni akigeuka kukuuliza swali, mkono unageuka naye, na mtutu unakuangalia. Bunduki ndefu huonyesha mapema inakoelekea.

Penye klabu ya bunduki za upepo, anzia hapo bila kuona haya. Huo ni mchezo kamili wa Olimpiki. Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, alama ya pointi 10 ni nukta yenye upana wa nusu milimita.

Hatua ya 4: Somo la nyumbani

Usimfundishie renji mambo ambayo mngeyamaliza sebuleni. Kule amevaa vizibo, moyo unadunda, hakusikii. Tumia fimbo ya ufagio au bunduki ya plastiki ya mtoto, na umrudishie mara nyingi kanuni hizi: kila bunduki ihesabu ina risasi hata kama umetoka kuikagua, mtutu usielekee kitu usichotaka kukitoboa, kidole kikae nje ya triga, kimenyooka ubavuni, mpaka umeshalenga, na ujue kilichopo nyuma ya shabaha, kwa kuwa hata hii .22 inayodharauliwa huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu.

Mfundishe na maneno mawili ya Kiingereza, hata kama hajui mengine: "cease fire". Akiyasikia, kutoka kwa mtu yeyote yule, aondoe kidole, aweke bunduki mezani, arudi nyuma. Naye ana haki ya kuyapiga kelele akiona hatari. Shemeji nilimfanyia mtihani akiwa anakunywa chai, nikapaza sauti ghafla. Akaweka kikombe chini na kurudi nyuma hatua mbili. Nikajua ameelewa.

Pima na jicho lake. Anyooshe mikono, aunganishe viganja abakishe tundu dogo, atazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo. Afumbe jicho moja, kisha jingine. Jicho linaloendelea kuiona saa ndilo lenye nguvu, na bunduki ikae bega la upande huo. Wapo watu wa mkono wa kulia wenye jicho la kushoto, wakahangaika miaka bila kujua kwa nini hawapati.

Hatua ya 5: Mkifika

Nendeni asubuhi siku ya kazi, renji ikiwa na watu wachache. Mpe dakika 10 nyuma ya kioo azoee mlio. Fomu ya kukubali hatari msomee kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi. Mtambulishe kwa msimamizi kwamba ni mgeni. Wengi watawapa meza ya pembeni.

Shabaha iwe sahani ya karatasi, ile ya pilau ya kwenye sherehe, mita 10 tu kutoka alipo. Karatasi za kitaalamu zenye miduara na namba zinamfanya ajihesabie makosa. Sahani haina namba. Akiigusa popote, amepata.

Hatua ya 6: Risasi moja

Akae kwenye kiti, bunduki imeegemea mfuko wa mchanga. Kwanza apige bila risasi. Hapa angalia: bunduki nyingi za .22 huumia pini ikigonga chemba tupu, kwa hiyo tia risasi ya bandia au ganda lililokwisha kutumika. Mara 10 hivi, polepole. Aibonyeze triga kama anayekamua tone la mwisho la dawa ya meno, asijue italia lini.

Kisha mpe risasi moja. Moja tu, hata kama bunduki inabeba 10. Wewe simama nyuma yake upande wa bega linalofyatua, karibu kiasi cha kuweza kuushika mtutu ukigeuka. Akishapiga, kwa furaha atataka kugeuka akuone. Kila mgeni hugeuka. Mkono wako uwe tayari.

Baada ya risasi tano za mojamoja, mwongezee ziwe tatu kwa mpigo. Akianza kufumba macho kabla ya mlio au kusukuma bega mbele, changanya risasi ya bandia katikati bila kumwambia. Bunduki itafanya "ta!" kavu, mtutu utaruka bila sababu, naye atajiona mwenyewe. Huna haja ya kusema neno.

Triga ikibonyezwa risasi isilie, mtutu ubaki uelekeo wa shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Ikilia kwa sauti dhaifu isiyo ya kawaida, acheni, mwiteni msimamizi aangalie mtutu. Huenda risasi imekwama ndani, na ya pili ikiifuata mtutu unapasuka.

Hatua ya 7: Acheni mapema

Risasi 30 zinatosha. Boksi lina 50, na jamaa atataka kulimaliza, mkatalie. Kuanzia hapo mikono huchoka, mashimo hutawanyika, akaondoka akiamini hajui. Shemeji yangu alitia 22 kwenye sahani. Alinisihi, "Shem, tano tu za mwisho." Nikamwambia tutarudi Jumamosi, naye ndiye aliyenikumbusha Ijumaa usiku.

Kabla ya kugusa chakula, naweni kwa sabuni na maji baridi mpaka kwenye viwiko: moshi wa risasi una madini ya risasi, na hayo ni sumu, zaidi kwa watoto. Nguo mlizovaa ziingie mashineni peke yake, viatu vibaki mlangoni, na mtoto asibebwe mpaka muwe mmebadilisha.