Simu ya nje imekataa laini? Okoa picha kwanza

Ndugu yako amekutumia simu kutoka Marekani. Unaweka laini yako ya Voda au Airtel, unawasha, na kioo kinakuandikia kwamba laini hiyo haikubaliki. Simu si mbovu. Ina lock ya mtandao, yaani kampuni iliyoiuza imeizuia isipokee laini ya kampuni nyingine. Kule simu nyingi huchukuliwa kwa mkopo na kulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na lock humzuia mteja kuhama na deni.

Kabla hujakimbilia kwa fundi, elewa jambo moja: lock hii inahusu laini tu. Wi-Fi inashika, kamera inapiga, na picha zilizomo unaweza kuzitoa zote. Wengi hupoteza picha kwa haraka ya kutoa lock. Simu ikiflashiwa, yaani programu yake ikifutwa na kuwekwa upya, picha huondoka nayo. Na iPhone yenye lock ukiirudisha ilivyotoka kiwandani, inaweza kugoma kuendelea kwa sababu haiitambui laini uliyoweka. Basi anza na picha.

Zinahamishwaje? Njia ya uhakika ni waya. Ukichomeka Android kwenye kompyuta, mara nyingi hutaona kitu, kwa kuwa simu hujiweka kwenye kuchaji tu. Vuta kioo kutoka juu kwenda chini, gusa ujumbe wa USB, chagua kuhamisha mafaili. Kwenye kompyuta fungua jina la simu, ingia folda ya DCIM, kisha Camera, unakili. Picha za WhatsApp hazimo humo. Ziko kwenye folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp.

Kama ujumbe wa USB hautokei kabisa, shuku waya. Nyaya nyingi za bei ya chini ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za kupitisha mafaili. Dukani omba waya wa data, na muuzaji aujaribu mbele yako. Hii ndiyo gharama pekee kwenye kazi hii, na inafaa kuilipa.

iPhone itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Ikiwa ni ya nyumbani, kubali na uweke namba yako ya siri. Ya steshenari, mimi nisingeiamini kirahisi hivyo. Halafu utakuta picha zinazoishia na herufi HEIC, ambazo kompyuta nyingi za zamani hazizifungui. Kwenye Settings za simu, sehemu ya Photos, shuka hadi chini uchague Automatic. Picha zitageuzwa kuwa za kawaida wakati zinahamishwa.

Huna kompyuta? Android kwa Android tumia Quick Share, ile iliyoitwa Nearby Share hadi mwanzoni mwa 2024. Haili bando. WhatsApp nayo inafaa, ila ukituma picha kwa njia ya kawaida inaibana na ubora unashuka. Itume kama dokumenti. Google Photos inakupa GB 15 za bure, lakini hizo hizo ndizo za barua pepe zako za Gmail, kwa hiyo zinajaa mapema kuliko unavyodhani.

Picha zikiwa salama, rudi kwenye lock. Nani anaitoa? Kampuni iliyouza simu. Marekani, sheria ya 2014 ilimruhusu mwenye simu kuifungua ahamie mtandao mwingine. Kampuni kubwa huwafungulia wateja wao bure, kwa masharti: deni liwe limeisha, na simu isiwe imeripotiwa kuibwa. Bonyeza *#06#, namba ya tarakimu 15 itatokea. Hiyo ndiyo IMEI, kitambulisho cha simu. Mtumie ndugu yako aombe kwa kampuni yake. Kama bado anadaiwa, hakuna njia ya mkato ya kuaminika.

Ukiwa Tanzania, itume pia IMEI hiyo kwa SMS kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Jibu litakutajia aina ya simu. Likitofautiana na uliyoshika mkononi, simu ni feki. Lakini jibu hilo halisemi kama simu ina lock. Ukiwa unanunua simu nyingine, kwenye iPhone angalia Settings, General, About, mstari wa Carrier Lock: ukisoma No SIM restrictions, haina. Kwa Android, weka laini yako pale pale dukani, piga simu, ndipo utoe hela. Simu iliyouzwa Uingereza baada ya Desemba 2021, au Kanada baada ya Desemba 2017, haikupaswa kuwekewa lock tangu dukani.

Fundi anaweza kukupa kichipu chembamba cha kukaa pamoja na laini kwenye iPhone. Kinafanya kazi, hadi siku utakapoapdeti simu. Bei yake iwe ya kitu cha muda, si ya simu iliyofunguliwa.

Lock ikitoka, Android ya kampuni ya nje bado inaweza kukunyima hotspot, kwa sababu programu yake huuliza kwanza kama umelipia kifurushi cha kule. Tabia hii ya kampuni kubana uwezo wa simu ni ya zamani: mwaka 2004 Verizon ya Marekani iliuza Motorola V710 yenye Bluetooth isiyoweza kutuma picha, na wateja wakaishtaki. Hotspot ikigoma, jaribu kugawa intaneti kwa waya wa USB au kwa Bluetooth kabla ya kumlipa mtu.