Urefu wa Pushirodi: Kipimo cha Kudai Kabla Injini Haijafungwa

Mlaji anayepeleka gari lake kufumuliwa injini huulizia bei ya vipuri, ujira wa fundi na siku ya kulichukua. Kwa injini zenye pushirodi, yampasa aulize jambo jingine pia: je, urefu wa vijiti hivyo umepimwa, au vimerudishwa tu kama vilivyotoka?

Pushirodi ni kijiti cha chuma kinachosimama kati ya tapeti na roka. Kemshafti, ambayo katika injini hizi imo ndani ya bloku, huinua tapeti. Tapeti husukuma kijiti. Kijiti huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili hukandamiza valvu ikafunguka. Injini yenye kemshafti juu ya hedi kwa kawaida haina pushirodi, hivyo mwenye gari la namna hiyo akiona kipuri hiki katika ankara ana haki ya kudai maelezo.

Kiwanda hulinganisha urefu wa kijiti na vipimo vya injini mpya. Matengenezo huvuruga vipimo hivyo. Hedi ikisagwa, roka husogea karibu na tapeti na kijiti huwa kirefu kupita kiasi. Valvu ikizama katika kiti chake baada ya kusagwa, matokeo ni yale yale, kwa kuwa ncha ya shina lake huchomoza zaidi. Gasketi nene huleta kinyume chake. Vivyo hivyo kemshafti iliyosagwa upya: sehemu yake ya duara hupungua, tapeti hukaa chini zaidi, na kijiti huwa kifupi.

Katika injini kama Isuzu 4JB1 au Land Rover 300Tdi, roka zina skrubu ya kurekebishia, na tofauti ndogo humalizwa hapo. Hatari kubwa zaidi imo katika injini zenye tapeti za mafuta zisizo na skrubu. Mfano wake ni Rover V8 iliyofungwa katika Range Rover na Discovery za zamani. Gasketi yake ya awali, ya bati, ilikuwa na unene wa takriban milimita 0.5, ile ya mchanganyiko iliyofuata ina zaidi ya milimita 1. Anayebadili ya kwanza kwa ya pili bila kusaga hedi amepunguza mkandamizo wa tapeti kwa zaidi ya nusu milimita, ilhali mkandamizo unaotakiwa ni kati ya milimita 0.5 na 1.5 hivi. Ukipungua mno, injini hugonga. Ukizidi mno, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo wa silinda hupotea, na valvu huungua.

Kupima si kazi ya siku nzima. Fundi huzungusha injini mpaka tapeti inayopimwa ikalie sehemu ya duara ya kemshafti, valvu yake ikiwa imefungwa kabisa. Hedi na shafti ya roka ziwe zimekazwa kikamilifu, maana kipimo kinachochukuliwa kabla ya hapo ni bure. Kisha huisubiri tapeti itoe mafuta yake, na kupima nafasi iliyo kati ya kikombe kinachopokea pushirodi na kipete kinachokizuia kisitoke. Nafasi hiyo ndiyo mkandamizo. Zinapimwa zote 16, si moja tu kwa niaba ya nyingine, kwa sababu valvu hazizami sawa. Mkandamizo ukizidi, huwekwa vipande vyembamba vya chuma chini ya vishikizo vya shafti ya roka. Lakini kumbuka kuwa hivyo huinua roka zote za upande ule kwa pamoja. Ukipungua, hakuna njia ya mkato: hununuliwa pushirodi ndefu zaidi.

Ili kujua urefu wa kununua, fundi makini hutumia pushirodi ya kupimia inayorefushwa kwa nyuzi. Huirefusha mpaka isicheze juu na chini lakini bado izunguke kwa vidole, huitoa bila kuigeuza, huipima kwa vernia, kisha huongeza mkandamizo unaotakiwa. Usikubali kununua seti dukani kwa kulinganisha na macho. Milimita moja haionekani kwa macho, na baadhi ya maduka hayapokei kipuri kilichokwisha kufungwa.

Kabla kazi haijaanza, andikianeni kwamba karakana ya kusaga itatoa karatasi inayoonyesha kiasi kilichoondolewa kwenye hedi, kwamba unene wa gasketi utaandikwa katika risiti, na kwamba vijiti vya zamani utakabidhiwa. Viviringishe juu ya kioo: kilichopinda hujionyesha kwa kuruka. Vikirudishwa injinini, kila kimoja kirudi mahali pake; boksi la karatasi lililotobolewa matundu 16 yenye namba latosha.

Injini ikigonga baada ya kukabidhiwa, na mlio usikome inapopata moto, izime na umjulishe fundi kwa maandishi siku hiyo hiyo, ukiambatanisha nakala ya vipimo hivyo. Usimruhusu fundi mwingine aifungue kabla ya yule wa kwanza kuiona.