Kitovu cha Nukta na Kituo cha Majani Chai: Mfano wa Itumbe

Makala haya yanachunguza maana ya "katikati" katika jiometri, neno linaloonekana jepesi hadi watu wanapogombania mahali pa kujenga kitu. Tuchukue Itumbe, kaunti ya Kisii, nchi ya vilima yenye kiwanda cha chai kinachohudumia wakulima wadogo. Mkulima huchuma, hujaza kikapu, kisha hukibeba hadi kituo cha kununulia, ambako majani hupimwa kabla ya gari kuyapeleka kiwandani. Je, kituo kiwekwe wapi?

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, nyumba tatu zimo kando ya barabara iliyonyooka: A kwenye mita 0, B kwenye 100, na C kwenye 800. Kitovu ni wastani wa nafasi hizo: (0 + 100 + 800) ÷ 3 = 300. Sifa yake kuu ni kusawazisha. A na B wako upande mmoja kwa jumla ya mita 500, naye C yuko upande wa pili kwa mita 500 vilevile. Mizani ingetulia hapo.

Hata hivyo, abebaye kikapu mgongoni hatafuti mizani itulie, anahesabu hatua. Jumla ya mwendo wa watu hao hadi kitovuni ni mita 1,000. Kituo kikihamishiwa kwa B, jumla hushuka hadi 800, wala hakuna mahali panapoishusha zaidi, kwani kila hatua kuelekea C humpunguzia mmoja na kuwaongezea wawili. C, atakayetembea mita 700 peke yake, atalalamika, na kwa haki. Msuluhishi huenda akachagua 400, ambapo hakuna anayezidisha mita 400, ingawa jumla hupanda hadi 1,100.

Nukta tatu, na zote huitwa katikati! Kwa maoni yangu, istilahi "kitovu" iachiwe ile ya wastani pekee.

Katika pembetatu kanuni ni ile ile: kitovu ni wastani wa vipeo vyake. Archimedes alithibitisha, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kuwa pembetatu husawazika pale inapokutana mistari itokayo kila kipeo hadi nusu ya upande unaokielekea. Umbo lililopinda kama ndizi, kwa upande wake, laweza kuwa na kitovu kilicho nje yake. Vivyo hivyo, nyumba zikizunguka bonde, wastani wake waweza kuangukia mtoni, mahali ambapo hakuna gari litakalofika.

Sasa mkulima wa nne, D, ajenge kwenye mita 900. Kitovu huhamia 450, ambayo pia ndiyo nukta ya msuluhishi. Jumla ndogo kabisa ya mwendo, mita 1,600, hupatikana popote baina ya B na C. Msomaji na ajaribu mwenyewe kwa 100, 450 na 800.