Ziwa Letu na Ilimu ya Tabaka za Ardhi



Mzazi mmoja katika watu wa darsa yetu hapa Kihoto ametuletea suala, nasi twalijibu katika kurasa hizi kwa kuwa tumesikia wako wengi wenye shaka kama yake. Mwanawe amepata nafasi katika chuo kikuu ya kusoma ilimu ya miamba na tabaka za ardhi, ndiyo iitwayo jiolojia. Mzee amemzuia, kwa kuwa ameambiwa ya kwamba wenye ilimu hiyo huchimbua mifupa ya kale ili wapate kumkanusha Nabii Adam, na ya kwamba asemaye ardhi hii ina mamilioni ya miaka amekwisha kutoka katika dini. Kijana amekaa nyumbani, na siku za kujiandikisha zakaribia kwisha. Kwa hiyo hatukuona vyema kulichelewesha jawabu.

Tuanze na umri wa ardhi. Yuko wapi aliyeiona aya, au hadithi sahihi, iliyotaja ardhi hii ina miaka mingapi? Hatukuiona, wala masheikh waliotusomesha hawakutuonyesha. Tunachokijua ni kuwa katika Suratul-Hajj, aya ya 47, tumeambiwa siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu ya hesabu yetu, na katika Suratul-Maarij, aya ya 4, imetajwa siku ya miaka 50,000. Habari za miaka 6,000 au 7,000 ziliingia vitabuni mwetu kwa njia ya Israiliyyat. Na hesabu iliyo mashuhuri kuliko zote si yetu kabisa: ni ya James Ussher, askofu wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alijumlisha miaka ya Biblia akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kabla yake kwa karne sita, Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alikwisha kuwakatalia wenye kudai miaka 7,000, akabainisha ya kwamba sisi Waislamu hatuna idadi maalumu tunayoikata. Basi ni ajabu iliyoje Mwislamu wa Kihoto kumkufurisha mwenziwe kwa hesabu ya askofu!

Sasa natutazame watu hawa hufanya nini khasa, maana mwenye kuhukumu jambo bila ya kulijua ameidhulumu nafsi yake. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1893 Mwingereza J. W. Gregory alipita katika bonde letu hili, akaeleza ya kuwa halikuchimbwa na mto, bali ardhi yenyewe imepasuka pande mbili na sehemu ya kati ikadidimia. Kisha kati ya mwaka 1928 na 1931 Louis Leakey na wenziwe walichimba Kariandusi, karibu na ziwa la Elementaita, wakapata mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama kioo. Aliyepita barabara ya Gilgil amewaona watu wakichimba udongo mweupe pale. Udongo ule ni maganda ya vijimea vidogo mno vya majini, visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa vikazama chini, kizazi juu ya kizazi. Maana yake ni kuwa mahali palipo vumbi leo palikuwa na ziwa lenye kina.

Na umri hujulikanaje? Jivu la volkano lina madini ya potasiamu ndani yake, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni, kwa kipimo kisichobadilika. Jiwe linapokuwa limeyeyuka kwa moto, hewa hutoka; linapopoa na kuganda, hewa hufungika ndani na kuanza kurundikana. Mwenye kuipima hewa iliyofungika hujua tangu lini jiwe liliganda. Kwa njia hii mwaka 1961 ilielezwa ya kuwa tabaka la chini la Olduvai, huko Tanganyika, lina kiasi cha miaka milioni 1.75. Sisi twaona hakuna tofauti kubwa baina ya hesabu hii na ile ya mtu wa miqati anayetupa saa za sala kwa mwendo wa jua. Wote wawili wategemea ya kuwa Mwenyezi Mungu amevipa viumbe vyake mwendo usiogeuka.

Mwaka 2005 Martin Trauth, mtaalamu wa chuo kikuu cha Potsdam huko Ujerumani, na wenziwe, walikusanya habari za maziwa ya kale ya bonde hili, na yetu ya Naivasha na Nakuru yakiwemo. Walieleza ya kwamba zimepita zama tatu ambazo maziwa yalikuwa makubwa na yenye kina: kiasi cha miaka milioni 2.7 hadi 2.5 iliyopita, kisha 1.9 hadi 1.7, kisha 1.1 hadi 0.9. Udongo mweupe wa Kariandusi ni wa zama hii ya mwisho. Wakauliza kama kule kujaa na kukauka kwa maji ndiko kulikoathiri maisha ya viumbe walioishi kando yake. Walizisoma pia tabaka za korongo la Njorowa, kusini ya ziwa letu, wakakuta ziwa limejaa na kupungua mara kadha wa kadha. Na kiasi cha miaka 9,000 iliyopita maji ya Naivasha yalikuwa zaidi ya mita 100 juu ya yalipo leo, yakimwagika kwa njia hiyo hiyo ya Njorowa.

Msomaji wa Kihoto na asome tena maneno hayo ya mwisho. Ziwa letu leo halina mto utokao juu ya ardhi. Maji ya Malewa na Gilgil huingia, na yasiyopaa kwa jua hupenya chini. Likinyesha sana Nyandarua, ziwa hupanda. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa juu, kufika miaka ya 1940 likawa limerudi nyuma sana, na mwaka 2009 lilipungua sana hata watu wakadhani linakufa. Wengi wetu tulinunua viwanja kwa kutazama mahali maji yalipokuwa siku ile ya kununua. Kisha mwaka 2020 maji yakaingia majumbani, na mwaka 2025 yakaja tena, watu wakahamisha vyombo vyao kwa mashua. Tulisikia mimbarini na barazani ya kwamba ni adhabu. Hatumzuii mtu kutubu, na toba ni wajibu kila siku. Lakini Mbelgiji Dirk Verschuren na wenziwe walikwisha kuchimbua tope la chini ya ziwa hili hili, na mwaka 2000 wakaandika historia yake ya miaka 1,100: lini lilijaa, lini lilipungua, na namna miaka ya ukavu ilivyoafikiana na njaa wanazozisimulia wazee katika nchi hizi. Habari hiyo ilikuwako. Lau tungekuwa na kijana mmoja wetu aliyeisoma, akasimama katika darsa akatuonya kabla hatujatoa fedha zetu!

Limebaki suala la Nabii Adam, nasi hatutawaficha wasomaji. Wengi wa wataalamu hao husema mwanadamu ametokana na viumbe vilivyomtangulia. Sisi twaamini Mwenyezi Mungu alimuumba Adam kwa udongo na akampulizia roho, na itikadi hii hatuiachi. Lakini yafaa kutenganisha mambo mawili: jiwe au mfupa uliopatikana, mahali pake na umri wake, na lile linalosemwa juu ya nasaba. La kwanza hupimwa. Kulikanusha ni kukanusha macho. Katika la pili, kijana na asikilize, ajue hoja zao kama wazijuavyo wenyewe, na asiiache imani yake. Na wako kati yetu wapendao kutaja fuvu la Piltdown, lililokuwa la uwongo, ili kuwacheka. Wakumbuke ya kuwa walioufichua uwongo huo mwaka 1953 ni wataalamu hao hao.

Amri ya kutembea katika ardhi na kutazama namna uumbaji ulivyoanza imo katika Suratul-Ankabut, aya ya 20. Ibn Sina aliandika juu ya milima na tabaka zake, na Al-Biruni alisema jangwa la Arabuni lilikuwa bahari, kwa dalili ya makombe aliyoyajua. Hakuna aliyewatoa katika dini kwa hayo.

Kwa hiyo twamwambia mzee wetu: mruhusu mwanao aende akajiandikishe wiki hii. Na darsa yetu itampa nauli.

Wallahu aalam.